Kampuni ya kuchimba mafuta baharini ina mitambo mingi: mbona bado inaweza kufilisika?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Nimesoma kuhusu kampuni inayochimba visima vya mafuta baharini. Inasema ina mitambo zaidi ya 30 na mikataba ya mabilioni ya dola. Lakini nasoma pia kwamba mwaka 2020 kampuni kubwa za aina hiyo zilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. Inawezekanaje kampuni yenye mali yote hiyo ishindwe kulipa madeni, na mafuta yanatafutwa kila siku? Na ile orodha ya mitambo wanayoitoa naisomaje ili nijue kampuni iko imara au la? Nimeona pia baadhi ya mitambo imeuzwa kama chuma chakavu. Hiyo si dalili kwamba mambo yameharibika?"

Ndugu yangu, tuanze na jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona. Kampuni unayoizungumzia haina mafuta. Haimiliki kitalu, haimiliki kisima, na pipa likitoka chini ya bahari si lake. Mwenye leseni ya kitalu ni kampuni ya mafuta, mathalani Shell, Chevron, Petrobras, Equinor au TotalEnergies. Huyo ndiye anayeamua kisima kichimbwe wapi, kifike kina gani na kipite kwenye miamba ipi. Transocean, Valaris, Noble, Seadrill na wenzao ni wakandarasi. Wana mitambo, wana watu wanaojua kuiendesha, na wanaikodisha kwa siku. Ni sawa na mwenye lori anayelikodisha pamoja na dereva na utingo wake. Mazao yakipanda bei sokoni, anayefurahi kwanza ni mwenye mazao. Mwenye lori atafurahi msimu unaofuata, na hapo ni iwapo mazao yatakuwa mengi na malori machache.

Kwa hiyo bidhaa ya kampuni hii ni siku. Siku iliyolipwa ni mapato, na siku isiyolipwa imekwenda moja kwa moja, haiwekwi ghalani ikauzwa kesho. Ukiishika hoja hiyo utaona kwa nini idadi ya mitambo peke yake haikuambii mengi. Kinachotakiwa ni kujua mitambo mingapi inalipwa leo, inalipwa kiasi gani, italipwa mpaka lini, na ina deni gani mgongoni.

Kabla ya fedha, tuitazame mitambo yenyewe, maana ndani ya orodha moja utakuta vitu vitatu tofauti kabisa vimepangwa kama ndugu.

Kuna mtambo wa miguu, ambao wafanyakazi huuita jakapu. Ni jukwaa linaloelea lenye miguu mirefu ya vyuma, kwa kawaida mitatu. Tagi, yaani meli ndogo ya kuvuta, hulivuta mpaka mahali pa kazi, miguu inashushwa hadi ikanyage sakafu ya bahari, kisha jukwaa linajiinua mpaka mawimbi yapite chini yake. Huu ni mtambo wa maji mafupi. Hata ule mkubwa kabisa haufanyi kazi kwenye kina kinachozidi mita 150 hivi. Ndiyo maana utaukuta kwa wingi Ghuba ya Uajemi, kwenye pwani ya magharibi ya India na Asia ya Kusini-Mashariki.

Wa pili ni mtambo wa kuelea unaokaa nusu umezama. Una nguzo nene zilizosimama juu ya maboya makubwa, na maboya hayo hujazwa maji kiasi yazame chini ya mawimbi ili jukwaa lisiyumbe. Aina hii ilizaliwa kwa kuona, si kwa kupanga. Mwaka 1961 katika Ghuba ya Mexico, mtambo Blue Water 1 ulikuwa umeundwa ukae juu ya sakafu ya bahari. Watu wakaona kwamba ukivutwa huku umezama nusu, unatulia kuliko walivyotarajia. Shell, waliokuwa wameukodi, wakauliza: kwa nini usichimbe ukiwa hivyo hivyo? Ukachimba. Mitambo hii ndiyo inayopendwa kwenye bahari kali kama ya Norway.

Wa tatu ni meli ya kuchimba. Hii ni meli kamili, yenye urefu wa mita 230 hivi, mnara wa kuchimbia katikati na tundu kubwa tumboni ambalo vifaa hushushwa kupitia humo. Haitii nanga. Chini yake kuna propela, mara nyingi sita, kila moja inazunguka kuelekea upande wowote, na kompyuta huziongoza kwa kufuata satelaiti pamoja na vifaa vya mawimbi ya sauti vilivyowekwa sakafuni mwa bahari. Upepo ukisukuma, propela zinajibu, na meli inabaki juu ya kisima chake saa zote 24. Meli za kisasa zimeundwa kufanya kazi kwenye maji ya kina cha hadi mita 3,600. Moja hubeba watu wapatao 200.

Sasa ukisikia kampuni ina mitambo 40 na nyingine ina 20, uliza kwanza ni ya aina gani. Jakapu 40 za zamani zinaweza kuingiza fedha kidogo kuliko meli 20 za kisasa.

Tuje kwenye hesabu, na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu ndipo jibu la swali lako la kwanza lilipo. Tuchukue meli moja ya mfano. Kuijenga mwaka 2012 au 2013 kuligharimu dola milioni 600 hadi 700, na tuseme dola milioni 500 kati ya hizo zilikopwa kwa riba ya asilimia 8. Riba peke yake ni dola milioni 40 kwa mwaka. Kuiendesha, yaani mishahara, chakula, helikopta za wafanyakazi, vipuri na bima, tukadirie dola 150,000 kwa siku, iwe imelipwa siku hiyo au haikulipwa. Kwa mwaka hiyo ni kama dola milioni 55.

Mteja akilipa dola 450,000 kwa siku, na meli ikalipwa siku 345, mapato ni dola milioni 155. Toa gharama, zinabaki kama milioni 100. Riba inalipwa, mkopo unapunguzwa, makao makuu yanaendeshwa, na bado kuna kitu cha kugawa.

Kodi ya siku, yaani malipo hayo ya kuikodi meli, ikishuka hadi dola 180,000, siku zile zile 345 zinaleta dola milioni 62. Toa gharama za kuiendesha, zinabaki kama milioni 7. Riba ni milioni 40. Na angalia vizuri: meli hiyo haijakaa bure. Inachimba, ina mteja, iko kwenye orodha kama mtambo unaofanya kazi, na bado inamzamisha mwenyewe. Ile isiyo na mteja ni mbaya zaidi, kwa sababu inakula tu.

Sasa weka hesabu hiyo ndani ya historia. Kati ya 2010 na 2014 meli bora zilikodishwa kwa dola 500,000, na nyingine zikavuka 600,000 kwa siku. Mabenki yalikuwa tayari kukopesha, na viwanda vya meli vya Hyundai, Samsung na Daewoo huko Korea Kusini vikapokea oda baada ya oda. Oda nyingine zilitolewa bila mkataba wowote wa kazi mkononi, kwa imani kwamba meli ikimalizika mteja atakuwa amekwishapatikana. Juni 2014 pipa la Brent, mafuta ambayo bei yake hutumika kama kipimo duniani, lilikuwa juu ya dola 110. Januari 2016 lilikuwa limeshuka chini ya dola 30. Kampuni za mafuta zilikata bajeti za utafutaji kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu kisima cha kutafuta ni rahisi kukiahirisha.

Lakini wakandarasi hawakuanguka siku ile ile, na hili huwachanganya wengi. Mikataba iliyosainiwa wakati wa neema ilikuwa ya miaka mitatu, minne, mitano. Iliendelea kulipa bei za zamani wakati soko limekwishalala. Vitabu vilionekana vizuri mwaka 2015, hata 2016. Kisha mikataba ikaanza kumalizika mmoja baada ya mwingine, na kila meli iliyotoka kwenye dola 500,000 ilikuta sokoni inaulizwa kama itakubali chini ya 200,000, ikishindana na meli mpya zilizokuwa ndiyo kwanza zinatoka viwandani. Seadrill, iliyokuwa imekopa kwa nguvu kuliko wote, ilikwenda mahakamani Septemba 2017.

Waliobaki walivumilia wakingoja soko lifufuke. Badala yake ikaja korona. Tarehe 20 Aprili 2020 mafuta ya Marekani yaliuzwa kwa bei iliyo chini ya sifuri, yaani muuzaji alimlipa mnunuzi ayachukue. Siku sita baadaye Diamond Offshore iliomba kinga ya mahakama. Noble ikafuata mwisho wa Julai, Valaris ikafuata Agosti. Februari 2021 Seadrill ilirudi mahakamani kwa mara ya pili. Valaris ilikuwa imeundwa mwaka mmoja tu kabla, 2019, kwa kuunganisha Ensco na Rowan, na ilikuwa na kundi kubwa la mitambo kuliko karibu kila mshindani wake. Kundi hilo kubwa halikuiokoa, maana lilikuwa na gharama zake na deni lake.

Usidhani kwamba mahakama ilifunga milango. Chini ya Sura ya 11 ya sheria ya Marekani ya ufilisi, kampuni inaendelea na kazi wakati madeni yanapangwa upya. Mitambo iliendelea kuchimba, mishahara ikaendelea kulipwa. Kilichobadilika ni mwenye mali. Valaris ilitoka mahakamani Aprili 2021 ikiwa imefuta deni la dola bilioni 7.1, kwa sababu wenye hatifungani, yaani walioikopesha kampuni, walikubali kuchukua hisa badala ya fedha zao. Wenye hisa wa zamani waliachiwa hati tu za kuwaruhusu kununua hisa mpya baadaye. Transocean haikwenda mahakamani. Ilikuwa na mikataba mirefu iliyosainiwa mapema, na ilisogeza mbele tarehe za kulipa madeni yake tena na tena. Gharama ya njia hiyo ni kwamba deni lilibaki nayo wakati washindani wake wametoka wepesi. Mimi huiona kama njia halali, lakini mtu anayenunua hisa anapaswa kujua tofauti hiyo kabla ya kulinganisha kampuni hizi kwa idadi ya meli.

Sasa orodha. Kila baada ya miezi michache kampuni hizi hutoa ripoti ya hali ya mitambo. Ni jedwali la kurasa chache na ndilo karatasi yenye manufaa kuliko zote wanazochapisha, kuliko hata hotuba ya mwenyekiti. Tuseme unakuta mstari unaosema: meli ya kizazi cha saba (yaani ya muundo wa kisasa), imejengwa 2014, iko Brazili, mkataba unaanza Machi mwaka huu na kumalizika Septemba mwaka ujao, dola 430,000 kwa siku, nyongeza mbili za miezi sita kwa hiari ya mteja.

Jicho la kwanza liende kwenye tarehe ya mwisho, kisha utafute kama kuna mkataba mwingine unaoanza baada yake. Kama mstari unaofuata unaanza Oktoba, vizuri. Kama unaanza Machi ya mwaka wa pili, kuna miezi mitano ya kula bila kuingiza, na pengine mkandarasi ataitumia kuipeleka meli karakanani au kuivusha bahari kwenda kwa mteja mpya. Kama hakuna mstari unaofuata kabisa, hapo ndipo hatari ilipo. Chukua kalamu, andika kwa kila mtambo siku ambazo hazina mkataba katika miezi 18 ijayo, kisha uzijumlishe. Hesabu hiyo ndogo itakufundisha zaidi ya ukurasa wa mbele unaotaja mabilioni.

Zile nyongeza kwa hiari ya mteja usizihesabu kama kazi. Hiari ni ya mteja peke yake. Soko likishuka ataiacha ili apate mtambo wa bei nafuu kwingine. Soko likipanda ataichukua haraka kama bei yake iliandikwa tangu zamani. Kwa vyovyote vile mkandarasi hana la kuamua.

Kodi ya siku nayo isomwe pamoja na mwaka iliposainiwa. Dola 250,000 iliyosainiwa wakati soko limelala si kosa, inaweza kuwa habari njema, kwa sababu mkataba huo ukimalizika meli itapanda kwenye bei ya sasa. Kinyume chake, kodi ya juu inayokaribia mwisho wakati soko linalegea ni shimo ambalo bado halijaonekana kwenye vitabu. Soko lilipofufuka, meli bora zilirudi karibu na dola 500,000 kwa siku mnamo 2023 na 2024. Kampuni iliyokuwa bado imefungwa na mikataba ya zamani iliitazama neema hiyo ikipita.

Halafu kuna ubora wa kifaa. Deepwater Atlas na Deepwater Titan za Transocean, zilizojengwa Singapore, ndizo meli za kwanza zilizotengenezwa kwa visima vyenye msukumo wa hadi paundi 20,000 kwa inchi ya mraba. Meli nyingine nzuri huishia 15,000. Chevron iliikodi Titan kwa miaka mitano kwa dola 455,000 kwa siku, mkataba uliosainiwa mwaka 2018 wakati meli nyingine zikigombea nusu ya bei hiyo, kwa sababu bila kifaa cha namna hiyo eneo la Anchor katika Ghuba ya Mexico lisingechimbika. Anchor ilianza kutoa mafuta Agosti 2024. Mtambo ambao mteja hana mbadala wake una nguvu mezani, na ule unaofanana na mingine 20 iliyoegeshwa hauna.

Na mteja anaweza kusimamisha mkataba? Ndiyo, kutegemea vipengele vyake. Mwaka 2024, baada ya Saudi Arabia kuamua kutoongeza uwezo wa uzalishaji kutoka mapipa milioni 12 hadi 13 kwa siku, Aramco, kampuni ya mafuta ya serikali ya nchi hiyo, ilisimamisha zaidi ya jakapu 20 zilizokuwa kwenye mikataba halali. Wakandarasi waliokuwa wameweka mitambo mingi kwa mteja mmoja waliumia kuliko waliotawanya. Kwa hiyo katika safu ya jina la mteja, hesabu pia ni mara ngapi jina lile lile linajirudia.

Kuna jambo moja ambalo jedwali halikuonyeshi, nalo ni siku ambazo mtambo uko kazini lakini haulipwi. Mkataba hutoa muda mfupi wa matengenezo kila mwezi. Muda huo ukipita na kifaa cha mkandarasi bado kibovu, kodi inashuka mpaka sifuri. Ili uone uzito wake, tazama kizuia mlipuko. Ni mnara wa vali wenye uzito wa zaidi ya tani 300 unaokaa juu ya mdomo wa kisima, sakafuni mwa bahari, tayari kuufunga au kukata bomba mafuta na gesi zikianza kupanda kisimani kwa nguvu. Unaunganishwa na meli kwa raiza, bomba nene lililotengenezwa kwa vipande vya mita 27 hivi kila kimoja. Kwenye maji ya mita 2,000 vipande hivyo vinazidi 70. Juu ya kizuia mlipuko kuna vibweta viwili vya udhibiti, kimoja huitwa cha njano na kingine cha bluu. Kimoja kikishindwa kingine kinafanya kazi, lakini ni mwiko kuendelea kuchimba ukitegemea kimoja.

Sasa tuseme sili ndogo, yaani mpira wa kuzibia, ndani ya kibweta cha njano inavuja. Roboti ya chini ya bahari inaonyesha kwenye skrini uzi mwembamba wa maji ya haidroliki ukitoka kwenye vali. Kazi inasimama. Kisima kinawekewa vizibo na kupimwa. Kizuia mlipuko kinafunguliwa kutoka kwenye mdomo wa kisima, na vipande vile 70 na ushee vinapandishwa kimoja kimoja, kila kimoja kinafunguliwa, kinalazwa na kuhesabiwa. Sili inabadilishwa kwa saa chache. Kisha safari ya kushuka inaanza upya, mabomba ya pembeni yakipimwa kwa msukumo njiani, na chini kabisa kizuia mlipuko kinapimwa tena chote. Ni siku nane, pengine kumi. Kwa meli ya dola 450,000, siku nane bila malipo ni dola milioni 3.6 zilizokwenda kwa sababu ya kipande cha mpira.

Ndiyo maana mimi hutafuta kwenye taarifa za robo mwaka asilimia ya mapato ambayo kampuni ilifanikiwa kuyakusanya kati ya yale iliyostahili kama kila kitu kingekwenda sawa. Kampuni nzuri hukaa asilimia 95 au zaidi. Ikishuka hadi 88 au 90 robo mbili mfululizo, kuna kitu kwenye vifaa au kwenye watu, na kwa kawaida vyote viwili.

Na kwa watu naomba niseme kwa uzito, kwa sababu wachambuzi wa hisa huwaruka. Februari 15, 1982 mtambo Ocean Ranger ulizama karibu na Newfoundland na watu wote 84 waliokuwemo walikufa. Wimbi lilivunja kioo cha dirisha la chumba cha kuongoza maji ya kusawazisha, maji yakaharibu umeme wa vali, na wahudumu hawakuwa wamefundishwa vya kutosha jinsi ya kuziendesha kwa mkono. Aprili 20, 2010 kisima cha Macondo kilipasuka chini ya Deepwater Horizon. Watu 11 kati ya 126 walikufa, mtambo ukazama baada ya siku mbili, na kisima kilimwaga mafuta kwa siku 87. Mwenye kisima alikuwa BP na mwenye mtambo Transocean. Mikataba ya kazi hii humbebesha mwenye kitalu uchafuzi unaotoka kisimani, na mkandarasi hubeba watu wake na mtambo wake. Hata hivyo, Transocean ilikubali mwaka 2013 kuilipa serikali ya Marekani dola bilioni 1.4. Kampuni inayopunguza mafunzo na vipuri ili kupendezesha robo moja ya mwaka inacheza na roho za watu kwanza, na fedha za wenye hisa baadaye.

Hilo linatuleta kwenye mitambo iliyoegeshwa, ambayo ndiyo hila kubwa ya idadi. Kuna kuegesha mtambo ukiwa hai: watu wachache wanabaki, mashine zinawashwa, na unaweza kurudi kazini ndani ya wiki kadhaa. Na kuna kuegesha kwa kuzima kabisa. Wafanyakazi wote wanaondoka, mashine za kukausha hewa zinaachwa zikiunguruma kwenye vyumba vya umeme ili unyevu usile saketi, na kombe za baharini zinaota chini ya meli. Gharama ya kila siku inapungua sana, na kwenye orodha mtambo unaendelea kuhesabiwa kama mali. Lakini kuufufua ukiwa meli ya kuchimba kunaweza kula dola milioni 100 au zaidi na muda wa karibu mwaka mzima, maana kizuia mlipuko kinafunguliwa chote, vyeti vilivyokwisha vinatafutwa upya, programu za kompyuta zilizopitwa na wakati zinabadilishwa, na wale waliokuwa wakiijua meli ile kelele kwa kelele wako kwa waajiri wengine. Mwenye akili hafufui meli bila mteja aliyekubali kulipia sehemu kubwa ya gharama hiyo. Kwa hiyo mitambo 30 ikiwa na sita zilizozimwa tangu miaka mitano nyuma, mimi huandika 24, na zile sita naziwekea thamani ndogo sana.

Sasa swali lako la mwisho, la chuma chakavu. Mara nyingi si dalili mbaya. Tangu 2014 zaidi ya mitambo 100 ya kuelea imeondolewa kwenye soko la dunia, na bila hatua hiyo bei za 2023 zisingepatikana, kwa sababu kila mteja angekuwa na mtambo mwingine wa kumtishia nao mkandarasi. Mtambo wa miaka 35 unaokaribia ukaguzi wake mkubwa wa kila baada ya miaka mitano utadai makumi ya mamilioni ya dola ili upate kibali, na huenda usipate mteja hata ukikipata. Kuuza chuma chake ni uamuzi wa busara. Si kazi rahisi pia. Transocean Winner, uliojengwa 1983, ulikatikiwa na kamba ya tagi wakati wa dhoruba Agosti 2016 ukiwa njiani kuondoka Norway, ukakwama kwenye miamba ya kisiwa cha Lewis huko Scotland, na ikabidi uondolewe pale kwa gharama kubwa kabla haujafika kwa wavunjaji huko Uturuki.

Kinachofaa kukutia wasiwasi ni namna nyingine ya uuzaji. Angalia umri wa mtambo uliouzwa na jina la mnunuzi. Kampuni ikiuza mitambo yake mipya, tena kwa mshindani, tena muda mfupi kabla ya hatifungani kuiva, basi inauza mkono wake wa kulia ili ilipe deni. Tarehe za kuiva kwa madeni utazikuta kwenye maelezo ya chini ya taarifa ya mwaka. Ziweke kando ya ile hesabu yako ya siku zisizo na mkataba katika miezi 18. Kama mitambo mingi inaachwa bila kazi katika robo zile zile ambazo deni kubwa linaiva, usiinunue hisa hiyo hata kama ukurasa wa mbele unasema ina mitambo 30.